Toroli, shimo la taka na chupa ya mvua

Watoto wa shule ya msingi Tanzania hukariri sehemu za nyenzo, kifaa cha kuinulia mizigo: egemeo, mzigo, jitihada. Wakiulizwa, wanajibu kwa sauti moja. Lakini nje ya dirisha kuna toroli la fundi, na hakuna aliyewaonyesha kwamba gurudumu lake ndilo egemeo, na kwamba mawe yakisogezwa karibu na gurudumu, mikono hupata nafuu. Wanaotaka sayansi ifundishwe kwa vitu vya kila siku huanzia hapo, kisha hutaja taka zinazofukiwa na kuchimbuliwa ili kuona kinachooza, na mvua inayopimwa kwa chupa. Nakubaliana nao, ila kwa masharti.

Wanaosita wana hoja nzito. Mwalimu mwenye watoto themanini atawazungushaje wote kwenye toroli moja? Mtihani wa darasa la saba umejaa maswali ya kuchagua jibu, na aliyechimbua ganda la ndizi mwezi mzima hapati alama ya ziada. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi, unaotaka mtoto atende badala ya kukariri, ulipoingia madarasani mwaka 2019, wazazi wengi walilalamika kwamba kutafuta vifaa kumekuwa kazi yao ya jioni. Isitoshe, jaani kuna vipande vya chupa, sindano na betri zinazovuja.

Kuna jingine linaloniuma zaidi: shule nyingi hutumia kuokota taka kama adhabu ya wachelewaji. Mtoto aliyezoeshwa hivyo atalipendaje somo la taka?

Lakini hakuna anayelazimika kwenda jaani. Vishimo viwili nyuma ya darasa vinatosha: kimoja cha ganda la ndizi, kingine cha karatasi ya pipi. Kabla ya kufukia, kila mtoto aandike anachodhani atakikuta baada ya mwezi. Ubashiri huo ndio unaogeuza uchimbaji kuwa sayansi. Ukiondolewa, wanaosema watoto wanapoteza muda wana haki kabisa.

Mvua nayo inapimika kwa chupa ya maji yenye ubavu ulionyooka. Kata kichwa chake, kigeuze kiwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo tia kokoto, mimina maji yazifunike, kisha bandika rula ili sifuri ikae usawa wa maji hayo. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita 1 ya mraba. Paa linalofunika mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha, linapokea lita 1,000.

Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Mwacheni aifanye asubuhi moja ya masika, halafu asimame barazani akitazama maji yote yale yakichimba mtaro chini ya paa lisilo na mfereji, huku wenzake wakipanga foleni na ndoo bombani. Swali atakalouliza hapo halimo kwenye mtihani, na mwalimu mkuu itambidi alijibu.