Jamu ya Nguter: sheria imbane nani?

Nguter ni eneo la wakulima wa mpunga katika wilaya ya Sukoharjo, karibu na mji wa Solo, Java ya Kati. Kwa Waindonesia wengi, ukitaja Nguter umetaja jamu, yaani dawa za mitishamba za Kijava. Wanawake wa huko wameifikisha hadi Jakarta, chupa zikiwa kikapuni, kikapu kimefungwa mgongoni kwa kitambaa cha batiki. Jamu iitwayo kunyit asam ni manjano na ukwaju. Beras kencur ni mchele uliolowekwa na kutwangwa pamoja na kencur, mzizi wa jamii ya tangawizi.

Desemba 2023 UNESCO, ikikutana Kasane, Botswana, iliingiza jamu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Heshima hiyo inastahili. Lakini waliotambuliwa ni watu na desturi yao ya kutunza afya. Hakuna aliyethibitisha kwamba kila pakiti yenye neno jamu inatibu, au hata kwamba ni salama.

Na pakiti ndizo zenye matatizo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Indonesia, BPOM, hutangaza mara kwa mara jamu za unga na vidonge zilizokutwa na dawa za kizungu: deksamethasoni, ambayo ni steroidi kali ya kutuliza uvimbe, fenilbutazoni ya maumivu, na parasetamoli. Kanuni za nchi hiyo za mwaka 2012 zilipiga marufuku jambo hilo, ila soko linalidai. Chukua jamu ya pegal linu, ya uchovu na maumivu ya viungo. Mkulima aliyeinama kutwa akipandikiza mpunga anataka mgongo utulie usiku huohuo. Manjano hayana kasi hiyo, deksamethasoni inayo. Kesho anarudi kununua tena na kumwambia jirani. Miezi inapita, uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, na akiacha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya. Daktari akimuuliza anatumia dawa gani, atajibu kwa moyo safi: mitishamba tu.

Kwa hiyo wanaodai vipimo wana haki. Indonesia ina ngazi tatu: jamu inayotegemea uzoefu wa vizazi, dawa ya mitishamba iliyojaribiwa kwa wanyama, na fitofarmaka iliyojaribiwa kwa binadamu. Bidhaa za ngazi ya juu ni chache mno, na hapo wazalishaji wadogo nao wana hoja nzito. Majaribio ya binadamu ni ghali, na anayeyagharimia hawezi kumiliki manjano peke yake. Ukilazimisha wote wapande ngazi, vitabaki viwanda vikubwa peke yake.

Mimi naona wanaouza jamu ya chupa waachwe nje ya usajili, kama kanuni za 2012 zilivyowaruhusu. Vinywaji vyao hutengenezwa na kunywewa siku hiyohiyo; hatari yake kubwa ni maji machafu na chupa zisizooshwa vizuri, mambo yanayotibika kwa mafunzo na ukaguzi. Unga wa pakiti ni suala jingine. Huo upimwe maabara kabla ya kuuzwa, kisha sampuli zichukuliwe sokoni bila taarifa, hata katika soko la jamu la Nguter lenyewe. Gharama asiachiwe mwenye mashine moja ya kusagia nyuma ya nyumba. Serikali iliyoipeleka jamu hadi Kasane ndiyo ilipie.