Linux: ukali wa Torvalds na kanuni zilizokuja baada yake

Desemba 2012, msimamizi mmoja wa kerneli ya Linux, yaani ule moyo wa mfumo unaoziunganisha programu na vifaa vya kompyuta, alipitisha badiliko lililovuruga programu za sauti za watumiaji. Alipoulizwa, akadai kosa ni la programu hizo. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, alimjibu mbele ya kadamnasi: afunge mdomo. Matusi yaliyosindikiza amri hiyo siyarudii hapa. Barua pepe ile inanukuliwa hadi leo, na kila upande wa ubishi juu ya ukali wake unaishika kama ushahidi.

Wanaomtetea Torvalds wanaitazama hoja iliyomo. Kerneli hairuhusiwi kuvunja programu za watumiaji. Zikivunjika, mkosaji ni kerneli. Mwenye kompyuta hawajui wasimamizi wala hawamhusu, anataka sauti isikike. Na huu ni mradi wa maelfu ya watu wanaolipwa na kampuni tofauti, wengine hawalipwi na yeyote. Torvalds hana mshahara wa kumkata mtu. Alichonacho ni kukataa msimbo, yaani maandishi ya programu, na ulimi. Isitoshe, wanasema, waliokemewa vikali aghalabu walikuwa wazoefu waliopaswa kujua zaidi, si wageni.

Hoja hii si nyepesi, na ninakubaliana nayo karibu yote isipokuwa hitimisho. Toa matusi kwenye barua ile: kanuni inabaki, sababu inabaki, na kosa linarekebishwa vilevile. Kilichomlinda mtumiaji ni msimamo, si tusi. Halafu aliyetukanwa hakuwa msomaji pekee. Majadiliano ya kerneli yako wazi kwa dunia nzima, na uwazi huohuo unaosifiwa ndio unaomfanya mwanafunzi, Nairobi au Helsinki, ayasome kabla hajatuma badiliko lake la kwanza. Wangapi walisoma wakaghairi? Hakuna atakayejua, maana asiyekuja haachi alama. Aliyekuwepo akaondoka ndiye tunayemsikia. Sage Sharp, aliyeandika sehemu ya kerneli inayoendesha USB 3.0, alieleza hadharani mwaka 2015 kwamba ameacha: ujuzi wake uliheshimiwa, lakini kudai aheshimiwe kama mtu ilikuwa haiwezekani.

Mwaka huohuo kerneli ilipata waraka mfupi uliosema, kwa ufupi, kwamba kazi yako itakosolewa, na ukiona umeonewa wewe binafsi, peleka malalamiko. Haukutosha. Septemba 16, 2018, Torvalds alikiri kwamba mashambulizi yake kwenye barua pepe hayakustahili, akaomba radhi na kupumzika kwa wiki kadhaa. Wakati huohuo kanuni mpya za mwenendo ziliingizwa, zikitokana na waraka ambao Coraline Ada Ehmke aliutunga mwaka 2014 na miradi mingi ikauchukua.

Hapa ndipo wapinzani wa kanuni wana hoja yao bora, ingawa wengi wao waliipoteza kwa kupiga kelele kwamba Linux imekufa. (Toleo la 4.19 la kerneli lilitoka Oktoba ya mwaka huohuo, likitolewa na Greg Kroah-Hartman, msimamizi aliyeshika nafasi ya Torvalds alipokuwa amepumzika.) Badiliko dogo la msimbo hutumwa hadharani, likapekuliwa, likarudishwa mara mbili tatu kabla ya kupokewa. Kanuni za kuwahukumu watu ziliingia kwa saini chache, bila mjadala huo. Maelezo ya namna ya kuzitumia yaliongezwa baadaye, kabla ya 4.19 kutoka. Kwa jamii inayojivunia uwazi, ilikuwa njia mbaya ya kufanya jambo jema, na shaka iliyozaliwa siku ile haijaisha.

Kesi iliyozipima vizuri kanuni hizo ni ya Kent Overstreet, mwandishi wa bcachefs, mfumo wa faili, yaani sehemu ya kerneli inayopanga na kuhifadhi data kwenye diski. Mwaka 2024 alimtolea msanidi mwenzake maneno machafu hadharani. Kamati ya maadili ilitaka aombe radhi palepale hadharani. Suala halikutatuliwa, na Novemba bodi ya ushauri wa kiufundi ikatangaza kwamba michango yake haitapokelewa kwa mzunguko wa toleo la 6.13. Utaratibu ulikuwa wazi kuliko wengi walivyotarajia: kosa lilijulikana, adhabu ilikuwa na kikomo, na uamuzi ulitangazwa. Lakini gharama haikumwangukia yeye peke yake. Waliohifadhi data zao kwenye bcachefs walikaa toleo zima bila marekebisho aliyotaka kuyatuma.

Hilo ni zito, na kamati yoyote inapaswa kuliweka mezani kabla ya kutamka adhabu. Hata hivyo silioni kuwa sababu ya kuachia matusi, kwa kuwa mwaka uliofuata mzozo ulirudi bila tusi kuwa kiini chake. Overstreet alitaka kuingiza vipengele vipya katika wiki zilizotengwa kwa marekebisho tu, Torvalds akavipokea lakini akasema wataachana, na bcachefs ikaondolewa kwenye toleo la 6.18. Safari hii Torvalds alisema inatosha bila kumtukana mtu.