Hapo kwenye "lazima" mi nakataa

Kuna makala nimesoma ya malezi ya utotoni na ndoa, mwandishi kasema mtu akikulia nyumba ya ugomvi lazima na yeye ndoa itamshinda, hapo kwenye lazima mi siko nae. Ni kweli ya utotoni yanakukaa, wanasaikolojia Hazan na Shaver mwaka 1987 waliichukua ile nadharia ya Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, ya jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, wakaipeleka kwenye mapenzi ya watu wazima, ila sio hukumu ya maisha, watu wanabadilika wakipata mwenza anayeeleweka.

Makala imepita juu juu kwenye haya madogo madogo ya ndani ya nyumba. Kaka na dada wamemaliza kula pamoja, dada anaambiwa toa vyombo, kaka kashanyoosha miguu na rimoti mkononi, hakuna aliyemfundisha kwa mdomo, kaona tu. Huyo akioa ukimwambia osha sahani anahisi umemdharau, na wala sio mtu mbaya jamani. Mwingine kaambiwa tangu mdogo mwanaume halii, leo mkewe anamuuliza una nini anajibu "hamna kitu" huku anabamiza mlango wa kabati, halafu tunasema wanaume hawana hisia!! Na wapo dada zetu wanaomcheka mwanaume akifunguka, eti dhaifu, hilo mwandishi mbona hajaligusa (au anaogopa kushambuliwa hehe).

Mi anayetaka kuoa au kuolewa ningemwambia apunguze kuuliza kwao wana pesa au hawana, aulize wakikosana nani huwa anaanza kuomba samahani.