Vinia juu ya skii si urembo

Wanaosema kubandika vinia, yaani ubao mwembamba kama karatasi, juu ya skii ni mbwembwe za seremala asiye na kazi hawajawahi kukarabati skii ya nailoni iliyobanduka ncha. Nasema haya nikiwa na vumbi la msasa puani. Huku Vermont, Marekani, ninakoishi baridi ndiyo msimu wenyewe, na gereji yangu, ninamoundia skii, haijalaza gari tangu ninunue kampresa ya kusukuma upepo.

Kwa ndugu wa nyumbani wanaozijua skii kupitia Philip Boit, yule Mkenya aliyeshindana kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 akamkuta bingwa Bjørn Dæhlie akimsubiri kwenye mstari wa mwisho: ni vile vitu viwili virefu vinavyofungwa chini ya buti ili mtu ateleze kwenye theluji. Siku hizi si mbao tupu. Chini kabisa kuna soli ya plastiki ngumu, unene wake milimita moja na ushee, imezungushiwa makali ya chuma. Juu ya soli kuna kitambaa cha faibaglasi, yaani nyuzi za kioo, kilicholoweshwa gundi ya epoksi, kisha kiini cha mbao, kisha faibaglasi tena. Kiini ni vipande vya popla, ashi au mepo vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu, vikapigwa randa mpaka ncha zikabaki na milimita mbili hivi, na pale buti inapokaa kama kumi au kumi na moja. Uso ndio unaowekwa mwisho, na ndio unaoleta ubishi.

Viwandani uso huo huwa ni nailoni au plastiki ya jamii hiyo, iliyochapwa picha upande wa ndani. Vinia ni ubao uliokatwa mwembamba sana, kwa kawaida milimita 0.6, ambao unaweza kuukunjakunja mkononi usivunjike mradi ufuate upande wake. Uzito wake na wa nailoni, mguuni huwezi kuutofautisha.

Nikubali jambo moja kabla sijabanwa nalo. Mtu akiniuzia skii yenye uso wa mbao kwa madai kwamba ni ya "asili", namwangalia tu. Ndani yake kuna plastiki, kioo, chuma na gundi ya kemikali, sawasawa na ya jirani yake yenye picha ya fuvu la kichwa. Vinia haiokoi msitu wowote, na kama tutakavyoona, inaweza hata kuudhuru.

Halafu kuna historia, nayo haiko upande wangu. Mbao zilipewa nafasi yake muda mrefu. Sondre Norheim wa Morgedal, kule Telemark nchini Norwei, aliruka na kukata kona katika karne ya 19 juu ya mbao tupu. Baadaye hikori, mti wa Marekani, ikawa ndiyo mbao ya heshima kwa sababu ya ugumu wake. Kwenye miaka ya 1930 mafundi wakaanza kugundisha tabaka kadhaa ili skii ipunguze uzito na isipinde ovyo. Hata hivyo maji yaliendelea kuzishinda. Mbao zikinywa maji zinalegea, zinapinda, na ule upinde wa katikati unaoipa skii nguvu ya kurudi unapotea. Ndiyo maana Howard Head, mhandisi aliyetoka kwenye kiwanda cha ndege huko Baltimore, alipoleta skii ya alumini yenye kiini cha plaiwudi mwaka 1950, mbao zikaingia ndani na hazikutoka tena. Wenye wivu waliiita skii ya wadanganyifu kwa jinsi ilivyorahisisha kupiga kona.

Kwa hiyo anayetaka kurudisha mbao juu ana deni la kueleza atafanya nini na maji. Jibu langu ni kwamba vinia haibebi kitu. Mifupa ya skii ni faibaglasi na kiini, na vinia imekaa juu yake ikiwa imenyweshwa epoksi kutoka chini na kupakwa mafuta ya mbao kutoka juu. Ikilowa, inalowa yenyewe, na kilicho chini yake hakina habari.

Sasa turudi kwenye ukarabati, ambao kwangu ndio hoja yote. Skii hugongana. Ukiwa unageuka kwa haraka, kali la chuma la mguu mmoja linapanda juu ya uso wa mguu wa pili na kumega ukingo. Kwenye nailoni panabanduka kijipande kama ukucha. Maji yanaingia chini yake, usiku yanaganda, yakiganda yanatanuka, na asubuhi ukucha umekuwa ulimi. Unaweza kumimina epoksi, ukabana kwa jiriwa na kungoja, lakini picha imechanika na msasa huwezi kuupitisha, maana ukiupitisha unaifuta. Kwenye vinia jeraha lilelile linapata tone la epoksi, msasa namba 120, kisha 220, halafu kitambaa chenye mafuta. Panabaki kovu, sikatai. Lakini msimu ukiisha unaisugua skii nzima na kuipaka upya, kama mlango wa mninga pale nyumbani, na inaendelea na maisha.

Ndiyo maana sikubaliani hata na wenzangu wa vinia wanaofunika mbao zao kwa tabaka jingine la faibaglasi linalong'aa. Najua kwa nini wanafanya hivyo: kitambaa kikiloa epoksi kinakuwa wazi kabisa, mistari ya mbao inachomoza, na mteja anafungua pochi. Lakini hapo umerudi kulekule kwenye plastiki, tofauti ni kwamba plastiki yako ina mbao chini badala ya fuvu.

Shida halisi ya vinia iko kwenye presi, mashine inayobana tabaka zote pamoja mpaka gundi ikauke. Presi yangu ni ya kawaida kwa watu wa gereji: mihimili ya chuma juu na chini, na katikati mabomba ya zimamoto yaliyozibwa ncha na kujazwa upepo. Yakijaa yanaigandamiza skii kwa paundi 40 hadi 60 kwa kila inchi ya mraba, na epoksi inatafuta pa kutokea. Vinia ina vitundu, hasa mbao za ashi ambazo mishipa yake ni mipana. Gundi inapenya na kuchomoza juu ikiacha mabaka meusi, na mabaka hayo hayatoki. Dawa yake ni kupaka upande wa chini epoksi nyembamba siku moja kabla, ikauke, ndipo ugundishe. Ni kazi ya jioni moja tu, lakini wengi wanairuka.

Jambo jingine ni mpangilio. Karatasi za vinia zikikatwa kutoka kwenye gogo moja kwa kufuatana, ukizifungua kama kurasa mbili za kitabu mistari inatazamana. Mguu wa kushoto na wa kulia vinakuwa mapacha. Mimi huzipangusa kwa spiriti kwanza ili rangi yake ya kweli ijitokeze, kisha nazisogeza mezani huku na kule mpaka nipate pahali pa kukata. Mistari lazima iende kwa urefu wa skii. Vinia yenye mafundo na mizunguko inavutia kwenye meza ya sebuleni, lakini skii inapinda kila kona, na nyuzi fupi ndizo zinazotangulia kupasuka.

Sasa ni mbao gani? Hapa ndipo ninapogombana na watu kweli. Wenge imekuwa kipenzi cha wengi: nyeusi, mistari myembamba, inapiga picha vizuri. Inatoka kwenye misitu ya Kongo, Kameruni na Gabon, na mti wenyewe umo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya miti iliyo hatarini kutoweka. Binamu yangu wa Tabora aliponipigia simu alinitania, "Kaka, si nikutumie mninga wetu, Wazungu waone mbao?" Kiufundi hakukosea hata kidogo. Mninga hausinyai wala kutanuka sana, na hiyo ndiyo sifa ninayoitaka juu ya skii. Lakini tangu uamuzi wa mwaka 2022 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, jamii yote ya mninga barani Afrika imo kwenye Kiambatisho cha Pili, na biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Mimi sioni sababu ya mti uliochukua miongo mingi kukua kwenye miombo kusafirishwa mpaka huku, eti ukakanyagwe na buti la plastiki, wakati msitu ulio nyuma ya nyumba yangu unakatwa kwa lazima.

Maana huku ashi inakufa. Mdudu wa kijani anayeng'aa, mzaliwa wa Asia, aligunduliwa jimbo la Michigan mwaka 2002, na Vermont akaonekana mwaka 2018. Viluwiluwi vyake hula chini ya gome na kukata njia ya chakula cha mti. Mti ukiachwa ufie wima, unakuwa mkavu na dhaifu upesi, hata kuuangusha ni hatari. Ukikatwa mapema, mbao za ndani ni salama kabisa, zilezile ngumu na nyumbufu zilizotumika kwenye skii za zamani. Wenye viwanda vya mbao wanayo ya kutosha. Kwangu, kuweka wenge juu ya kiini cha ashi katika hali hii ni uvivu wa kufikiri.

Malalamiko ninayoyasikia ni kwamba ashi ni nyeupe, imepooza, haina mvuto. Basi itie rangi ya maji kabla ya kugundisha. Mishipa yake mipana inanywa rangi kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo mistari inakolea. Bluu inakaa vizuri. Nyekundu jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni pamoja na epoksi yako, kwa sababu baadhi zinageuka kahawia zikishakutana na gundi.