Mihesi ya Amani: tuikate au tuiache?

Kuna ubishi wa siku nyingi kuhusu msitu wa Amani, Usambara Mashariki kule Muheza, na wenyewe ni juu ya mti mmoja tu, mhesi. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti pale mwaka 1902 wakaleta miti ya kila aina kuijaribu, mingi ilitulia bustanini ila mhesi ulitoka ukaingia msituni. Na sio mti wa Ulaya jamani, kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati mpaka Uganda, ila Usambara haukuwepo kabisa.

Unavyosambaa ni hivi: unakua haraka na unapenda jua, matunda yake yakiiva yanakuwa meusi ya zambarau, hondohondo anayameza anaruka nayo huko mbali anatapika mbegu. Ikiangukia kwenye kivuli kizito mche haufiki popote, ikikuta uwazi ndo imepata. Na uwazi tuliutengeneza wenyewe, miaka ya 70 na 80 magogo yalivunwa kwa mitambo, barabara zikachongwa hadi ndani, na mihesi mingine ilishapandwa kwa makusudi.

Wanaosema ikatwe wana hoja nzito. Usambara ina mimea ambayo haipo pengine popote duniani, na ukisimama chini ya mihesi mingi unaona mwenyewe ardhi ilivyo, lile zulia la majani makavu ni jembamba, maana majani yake yanaoza upesi, na wadudu wanaoishi humo wanakosa pa kukaa. Mvua za kule zinavyopiga, udongo usiofunikwa vizuri unasombwa hadi mtoni, na mto Zigi ndio unapeleka maji Tanga mjini, hilo sio jambo dogo.

Upande wa pili nao hawaongei tu. Mhesi ulifunika pale palipobaki wazi, na sehemu nyingine miti ya asili inaota chini yake. Wakulima wanauacha shambani kwa ajili ya kivuli cha iliki, mbao zake laini wanajengea, kuni wanapata. Halafu ukiangusha mhesi mkubwa katikati ya msitu unalalia miti mingine mitatu minne, jua linaingia, na kinachoota hapo kwanza ni nini? Mhesi tena. Kuna na ishu ya ulinzi, Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, ya kwanza Tanzania, uvunaji wa mbao marufuku, sasa ukiruhusu chensoo ziingie kwa ajili ya mhesi nani atahakikisha zinaishia kwenye mhesi?

Mimi nasimama hapa: mikubwa iliyo ndani ya msitu mzito isikatwe. Inayosumbua mahali penye mimea adimu ichubuliwe gome kuzunguka shina ife taratibu ikiwa imesimama, miche ya asili iliyo chini izoee mwanga kidogo kidogo. Nguvu iende kwenye kung'oa miche ya mhesi pembeni mwa barabara, kwenye njia na pale miti ilipoanguka, na kazi hiyo wapewe watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, kwa malipo, kila mwaka, sio mradi wa miaka miwili mfadhili akiondoka basi. Ya mashambani mkulima avune bila kuzungushwa na vibali.

Ila kinachonitia hofu zaidi sio mhesi. Kuna kichaka kinaitwa Clidemia, asili yake Amerika ya kitropiki, majani yana manyoya, kinazaa vitunda vidogo ndege wanavibeba, na chenyewe kinavumilia kivuli, yani hata msitu uliofunga hakiuogopi sana. Kwenye ubishi huu hutakisikia kwa sababu hakitoi mbao. Kipo kifupi bado, mtu anakishika kwa mkono anang'oa na mizizi, basi hao hao watakaolipwa kung'oa miche ya mhesi waanze na hiki.