Orodha ya wachangiaji: inaleta fedha, inafukuza watu

Kundi la kuchangisha likifunguliwa, kinachobandikwa mara tu baada ya maelezo ni orodha: namba, jina, kiasi. Kila anayetoa anainakili yote, anaongeza mstari wake, anairudisha kundini. Siku ya pili zinakuwapo orodha mbili, maana watu wawili waliinakili kwa wakati mmoja, na jina la mtu limemezwa. Wengi waliomezwa hawalalamiki. Wananyamaza, na mchango ujao huwaoni.

Wanaoitetea orodha wana hoja nzito. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann alipima nguvu za watu wakivuta kamba pamoja, akachapisha matokeo mwaka 1913: wavutaji walivyozidi, mchango wa kila mmoja ulipungua. Sehemu ya upungufu ilitokana na kutovuta kwa wakati mmoja. Lakini mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake waliwapa watu kazi ya kupiga makofi na kelele, wakakuta uvivu upo kweli. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba mtu hulegea hasa pale juhudi yake isipotambulika kati ya za wengine. Kundi la watu 200 lisiloonyesha nani katoa ni kamba ya namna hiyo, kila mmoja akiamini mwenzake anavuta.

Orodha inaondoa maficho hayo, na pia inampa mgeni kipimo. Jen Shang na Rachel Croson walilijaribu hili kwenye redio moja ya Marekani inayoendeshwa kwa michango ya wasikilizaji. Wapigaji simu walioambiwa kwamba mwenzao ametoa dola 300 walichangia kwa wastani takriban asilimia 12 zaidi ya wale ambao hawakuambiwa kitu.

Kipimo hicho hicho ndicho kinachochoma. Waandaaji hupenda kumtanguliza mwenye uwezo ili achangamshe wengine. Kwenye kundi la watu wenye vipato vinavyokaribiana, sawa. Kwenye kundi mchanganyiko, namba 1 akiandika 1,000, mwenye 20 hapandi, anafunga simu. Mwaka 1976 Robert Cialdini na David Schroeder walionyesha upande wa pili wa jambo hili: kuongeza maneno "hata senti moja itasaidia" kwenye ombi kulipandisha idadi ya waliokubali kutoka takriban asilimia 29 hadi 50, na wastani wa kiasi haukushuka kwa maana. Sentensi hiyo inafuta aibu ya kidogo. Orodha yenye viasi inairudisha.

Ushahidi unaopaswa kuwasumbua watetezi wa shinikizo ulitoka mwaka 2012, kwa Stefano DellaVigna, John List na Ulrike Malmendier, walioshughulika na uchangishaji wa nyumba kwa nyumba. Kikaratasi kilipowekwa mlangoni kutangaza saa ambayo mchangishaji angepita, waliofungua mlango walipungua kwa asilimia 9 hadi 25. Kikaratasi kilipokuwa na kisanduku cha kuweka alama "msinisumbue", utoaji ulishuka kwa asilimia 28 hadi 42, na kilichopotea zaidi ni michango midogo, chini ya dola 10. Kwa hiyo sehemu ya fedha ile ilikuwa bei ya kumwondoa mtu mlangoni. Mtetezi atajibu kwamba fedha ni fedha, na mgonjwa anayesubiri upasuaji haulizi ilitolewa kwa moyo gani. Kwa dharura ya mara moja namkubalia. Kwa watu utakaowarudia baada ya miezi mitatu, simkubalii: aliyelipa ili asisemwe atajitoa kundini kabla hujamaliza kuandika ombi la pili.

Kipi kiwekwe mahali pake? Anza kimya. Kabla ya kutangaza, kusanya kutoka kwa watu 5 hadi 10 wa ndani, kisha tangaza jumla yao bila kusema nani katoa ngapi. John List na David Lucking-Reiley walituma barua za kuomba fedha za kununulia kompyuta. Walipotaja kwamba asilimia 67 ya lengo imeshapatikana badala ya 10, michango iliongezeka karibu mara sita. Mfadhili akiahidi kuongeza sawa na kila kinachotolewa, pokea, ila usimbembeleze aongeze mara tatu: Karlan na List waliona mwaka 2007 kwamba kuongeza mara mbili au tatu hakukuleta zaidi ya kuongeza kiasi sawa na kilichotolewa.

Majina yatolewe bila viasi, kwa alfabeti, na mweka hazina peke yake aihariri orodha, mara moja kwa siku. Hasara ipo: mtoaji mkubwa anapoteza sifa, na wapo watakaotoa kidogo kabisa ili jina tu lionekane. Ngazi za "dhahabu" na "fedha" haziponyi hilo, kwani watu hurundikana kwenye kiwango cha chini cha kila ngazi.

Kazi ya kushawishi ihamie kwenye simu. Tangazo la "tunaomba kila mmoja" halimgusi yeyote. Watu 200 ukiwagawa nane nane, unahitaji wachangishaji 25, kila mmoja akiwa na majina yake kabla ya kuanza, la sivyo mtu mmoja atapigiwa na watatu na mwingine asipigiwe kabisa. Usiwape wachangishaji asilimia ndogo kama motisha. Gneezy na Rustichini, mwaka 2000, waliona wanafunzi waliolipwa asilimia 1 ya makusanyo wakikusanya pungufu ya wasiolipwa kitu, na hata waliolipwa asilimia 10 hawakuwafikia hao wasiolipwa. Mpigaji ataje kiasi, tarehe na mlango wa kutokea: "mwezi huu ukishindwa, niambie tu."

Ahadi ziwe na safu yake, zisijumlishwe na kilichoingia. Hapo ndipo hesabu nyingi huvimba na kumwaibisha mweka hazina siku ya malipo. Ahadi ikipita tarehe yake kwa siku kumi, aliyeipokea ndiye apige simu, na isitajwe kundini.