Msaada wa kumuumbua mtu tuuache

Wiki iliyopita kwenye grupu la kanisa imerushwa picha ambayo mpaka sasa hivi roho inaniuma. Watu wamesimama mstari na fulana mpya, bango lina jina la idara yao kwa maandishi makubwa, na chini kwenye mkeka amekaa mama mmoja tunamfahamu wote, wa pale Kibirizi, hapa Kigoma, kashikishwa mfuko wa unga na miche ya sabuni, anaambiwa atazame kamera. Halafu zikafuata amina, Mungu awabariki sana watumishi. Ukiikuza ile picha utaona nyuma ya pazia la mlango mjukuu wake anachungulia, uso nusu. Yule mtoto anasoma hapa hapa mjini, wenzake nyumbani kwao kuna simu, na Jumatatu darasani ameitwa mtoto wa msaada mpaka akarudi nyumbani analia.

Na yule mama si ombaomba. Ni mtu wa dagaa miaka yote, alfajiri yuko mwaloni anasubiri mitumbwi, anaanika mwenyewe, anauza mwenyewe, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wakapumzika na yeye anajua namna ya kujibana mpaka giza lirudi. Kilichommaliza ni Ziwa Tanganyika kufungwa lisivuliwe mwaka 2024, Mei 15 mpaka Agosti 15, mtaji wote ukaliwa. Sisemi kufunga ni vibaya, samaki walikuwa wanapungua kweli na kila mtu aliona. Lakini huyu ndiye tuliyemkalisha chini tukampiga picha, mtu ambaye miaka yote sadaka yake ilikuwa inatangulia ya wengi wetu.

Jamani, Bwana alisema utoapo sadaka hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Sisi mkono wa kushoto ndio umeshika simu. Kuna ndugu kanijibu kwa Mathayo 5:16, nuru yenu iangaze mbele ya watu wapate kuyaona matendo mema. Amina, lakini amalizie mstari: wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni. Pale kwenye bango Baba hayupo, ipo idara. Na hata angekuwepo, nani alimuuliza yule mama kama anataka sura yake ndiyo iwe taa? Mtu mwenye njaa hana uwezo wa kukataa picha, akikataa anaonekana ana kiburi, kwa hiyo anakubali, na sisi tunaita hiyo ridhaa.

Huruma bila unyenyekevu inamuumiza yule yule unayemhurumia. Bwana usiku ule alivua mavazi yake, akajifunga kitambaa, akainamia miguu ya watu, hata ya Yuda, na ilhali alijua kabisa anaenda kufanya nini. Aliyetoa ndiye aliyeshuka chini. Sasa kwetu aliyetoa kasimama, aliyepokea yuko kwenye mkeka.

Mwaka 2015 ndugu zetu Warundi waliokimbia kwao walipojazana kijiji cha Kagunga mpakani na meli ya Liemba ikawa inawaleta Kigoma, wanapumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, mama yangu alikuwa anakusanya nguo za kupeleka. Kila nguo alifua, akapiga pasi, kifungo kikikosekana anatafuta kinachofanana anashona. Nikamuuliza mama mbona unajichosha na hizi ni za kugawa tu, akanikazia macho, akasema mwanangu, mgeni wangu hawezi kuvaa shati la kukosa kifungo. Aliziacha kwa waliokuwa wanapokea akarudi nyumbani kupika, wala hakujua nani kavaa nini.

Najua wafadhili wanataka ushahidi. Sawa, nakubali, hela ya watu lazima ijulikane imeenda wapi, na michango ya yatima imeshaliwa sana huko nyuma, tusidanganyane. Ila ushahidi wa unga ni risiti ya unga. Piga picha magunia, piga picha risiti, mhasibu asimame Jumapili asome imeingia ngapi na imetoka ngapi, wazee wawili wasaini.

Na njia za kusitiri watu zipo. Hapa mtaani Mwanga wakati ziwa limefungwa kuna mtu alikuwa anapita dukani jioni analipia madeni ya watu kwenye daftari, mama akija kuomba aongezewe siku anaambiwa lako limeshalipwa, chukua na chumvi. Mwenye duka mpaka leo hajamtaja.

Kwaresima inakuja na najua idara zimeshaanza kupanga ziara. Nendeni, tena mwende wengi, ila muingie kama majirani, mkae kwenye huo huo mkeka, muulize habari za mjukuu na za biashara, na mkiweza mpeni mtaji arudi mwaloni maana sabuni inaisha ndani ya mwezi. Orodha ya majina abaki nayo mzee wa kanisa na kiongozi wa akina mama. Na simu ziacheni kwenye gari.